Picha ya Hizza

Tovuti ya Fundi Shemweta ilikuwa nzito
kama cherehani ya miguu inayopandishwa ghorofani.
Niliifungua kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka,
nimesimama Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
nikahesabu: moja, mbili, tatu.
Mtoto wa jirani akatumwa chumvi,
akaenda, akarudi na chenji,
kioo bado cheupe.

Nikamwambia, Fundi, anayekutafuta hajakaa mezani.
Amesimama jikoni, mkono mmoja una mtoto,
mwingine una simu yenye bando la mia tano,
na sindano imekatikia ndani ya gauni la watu.
Ukichelewa kufunguka, anarudi alikotoka,
na mtambo wa kutafutia unamwona anavyorudi,
unaandika kimya kimya: huyu anachosha.
Ndiyo maana uko ukurasa wa tatu,
na ukurasa wa tatu ni makaburini:
waliomo wana majina, hawana wageni.

Akaniangalia juu ya miwani.
"Mimi makaburini nakwenda kila Ijumaa."

Sikuwa na la kujibu. Nikainamia kazi.
Nikakata mabango yaliyokuwa yakipita kama msafara wa harusi,
nikang'oa muziki uliojipigia wenyewe,
maandishi ya ukubwa wa sisimizi nikayakuza
hata aliyesahau miwani asome.
Namba ya simu, iliyofichwa chini kama akiba ya kibubu,
nikaipandisha juu, nikaipa kitufe kipana
kidole gumba kikanyage bila kukosea.
"Sisi ni mabingwa wa suluhisho za ushonaji": nikafuta.
Nikaandika: cherehani inaruka mishono,
fundi yuko wapi Tanga?
Fundi akacheka. "Hivyo ndivyo wanavyoniuliza!"
Basi hivyo ndivyo wanavyokutafuta.

Ikabaki picha moja.
Megabaiti sita, peke yake nzito kuliko duka zima.
Hizza, mdogo wake, kainamia cherehani nyeusi,
kalamu sikioni, mafuta kwenye kucha,
anamcheka mtu asiyeonekana.
"Aliyekuwa akimchekesha ni mimi," akasema Fundi.
"Mwezi mmoja kabla ya..."
Akazungusha gurudumu la cherehani isiyo na uzi.

Kuna kazi hawakunifundisha chuoni:
kumpunguza marehemu mbele ya kaka yake.
Sita zikawa tatu. Tatu zikawa moja.
Kila nikishusha, namgeuzia kioo.
Bado ni yeye?
Bado ni yeye.
Nusu.
Bado.
Robo. Akaisogeza simu karibu na pua.
Kalenda ya ukutani ilikuwa haisomeki tena,
mwaka wenyewe umefutika,
lakini pengo la jino lilikuwepo,
na kalamu sikioni.
"Hapo hapo," akasema. "Usimguse tena."

Hatukupaa, nisidanganye.
Ukurasa wa tatu, wa pili,
tukakwama hapo Ramadhani nzima,
wakati mji wote unashona nguo za Idi
na kila cherehani inayogoma inapelekwa kwa mwingine.
Baada ya Idi tukachungulia wa kwanza:
nafasi ya tisa, ya saba, tukarudi ya tisa,
kisha, Jumanne moja, ya nne.
Nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Nikakimbia kumwonyesha. Hakuitazama namba.
Simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega,
upande wa pili mwanamke wa Muheza, sauti ina haraka.
"Toa bobini kwanza, mama. Pulizia vumbi. Enhe.
Sasa zungusha kwa mkono, taratibu."
Kimya. Halafu hata mimi nikaisikia kule,
tiki-tiki-tiki, inashona.

Alipokata, akakaa kidogo.
"Ameniuliza kama mimi ndiye yule wa pichani,
anayecheka."
Ukamjibuje?
Akachukua bisibisi, akaanza kutafuta skrubu
iliyokuwa mbele yake muda wote.
"Nimemwambia yule ametoka kidogo."